Asali ya Baba Iliyoganda

Enzi za uhai wake, Baba alikuwa mfuga nyuki. Jioni alirudi ananuka moshi. Mama alimwambia, "Koti libaki nje, wewe ingia!" Watoto walimkimbilia, wakagombania vipande vya masega.

Alipofariki, ilibaki chupa moja tu ya asali. Mama aliificha kabatini. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Majira ya baridi yakaingia. Siku moja Mama alifungua kabati, akashtuka. Asali ilikuwa nyeupe, ngumu, yenye chengachenga. Akamwonyesha kaka yake.

"Dada, hii ni sukari tupu," Mjomba alisema. "Shemeji alikuwa anachanganya."

Maneno hayo yalimchoma Mama. Je, marehemu aliwadanganya wateja miaka yote ile? Akaichukua chupa ili akaitupe.

Mlangoni akakutana na Shangazi, dada wa Baba, naye mfuga nyuki.

"Wifi, unaipeleka wapi asali ya kaka yangu?"

"Imeharibika. Kumbe ilitiwa sukari."

"Ina sukari, ndiyo. Nyuki wenyewe ndio walioitia!" Shangazi alicheka. "Hebu niambie. Ukitia sukari nyingi kwenye chai ya moto, inakuwaje?"

"Inayeyuka."

"Na kwenye maji baridi?"

"Nyingine inabaki chini."

"Basi ndiyo hayo. Asali ina sukari nyingi na maji kidogo. Kukiwa na joto, maji hayo huiyeyusha sukari. Kukiwa na baridi yanaelemewa, sukari nyingine inajitenga na kuganda. Asali haijaharibika."

"Niichemshe?"

"La! Moto mkali utaua ladha. Tumia maji ya moto ambayo mkono unayavumilia. Na usitie maji ndani ya asali, itachacha."

Waliisimamisha chupa kwenye sufuria ya maji hayo. Yalipopoa, waliyabadilisha. Shangazi alikoroga taratibu. Chengachenga zikapungua, zikaisha. Asali ikang'aa, rangi ya kahawia.

Mjomba alionja. Akainamisha kichwa. "Shemeji, nisamehe," alisema, kana kwamba Baba yupo pale.

Mama hakuirudisha chupa kabatini. Alikata mkate, akaupaka asali, akawaita wote. Shangazi akasimulia jinsi Baba alivyokwenda kuposa pua imevimba, ameumwa na nyuki. Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Tangu msiba ule, hiyo ndiyo siku ya kwanza jina la Baba kutajwa mezani bila mtu kuinuka kwenda kulia jikoni.