Wageni wa Mukaka Kavuo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Kanyere alimpa nyanya yake uji na kidonge kimoja. Nyanya huyo, Mukaka Kavuo, alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka ambao madaktari huuita Parkinson. Tangu alipoandikiwa dawa ile, aliweza kushika kikombe bila kumwaga chai, na nyumba nzima pale mtaani Mususa ilimshukuru Mungu.

Mwaka wa 2001, vita vikiwa vimefunga barabara ya Beni, Mukaka alishikwa na mafua makali. Kanyere alikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa, na hakumwacha mtu yeyote asahau jambo hilo. Alifungua karatasi ya Kifaransa iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, akasoma kwamba dawa hiyo hupigana pia na virusi vya mafua. Basi akajiamulia: kidonge cha asubuhi ni cha kutetemeka, na mafua nayo yanataka chake. Akaanza kumpa kingine mchana na kingine jioni, bila kumwambia mtu.

Siku ya tatu, alipotoka shuleni, alimkuta Mukaka amepanga viti sita ukutani.

"Salimia bageni," Mukaka alisema.

"Bageni gani, Mukaka?"

"Haubaone? Balitoka mbali. Angalia miguu yabo, matope tupu. Habaseme kitu, banatuangalia tu."

Viti vilikuwa vitupu. Hata hivyo mwili ulimsisimka Kanyere, kwa maana Mukaka alikuwa akitazama kiti kimoja baada ya kingine, macho yake yakitulia pale hasa ambapo uso wa mtu aliyeketi ungekuwa.

Kesho yake wageni walikuwa tisa, na mmoja, Mukaka alisema, alikuwa amesimama nyuma ya Kanyere. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kukaa kwenye viti vile. Hata baba yake Kanyere, Lusenge, fundi cherehani aliyezoea kuwacheka waoga, alikula ugali wake amesimama mlangoni.

"Ni bale balikufa ku vita, kule Manguredjipa," alisema kwa sauti ya chini. "Banamutaka mama. Kesho tutamupeleka ku chumba ya maombi. Siku tatu: hapana chakula, hapana dawa."

Kanyere alirudia ile karatasi, safari hii mpaka mwisho. Chini kabisa, katika mistari aliyoiruka, iliandikwa kwamba dawa ikizidi mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa na kuona watu wasiokuwapo. Tena kwamba kuiacha ghafla ni hatari. Akisema, ataaibika. Akinyamaza, Mukaka atakufa. Asubuhi, Lusenge alipokuwa akimfunga mama yake kitenge tayari kwa safari, Kanyere alisimama mbele yao akilia.

"Papa, hapana kumupeleka. Bale bageni, ni mimi nilibaleta."

Akaeleza yote. Lusenge hakumpiga. Alimbeba mama yake mgongoni, wakaenda mbio kwa daktari Anne-Marie, yule aliyeandika dawa. Daktari alimpima Mukaka, akamweka pale chini ya uangalizi, na kumrudisha polepole kwenye kipimo chake. Siku ya nne ya kulazwa, Mukaka aliamka, akatazama chumba chote.

"Bametoka bote," alisema. "Lakini habakuniaga."

Daktari alimwita Kanyere kando.

"Hii dawa ni moja, hata kama inafanya kazi mbili. Ukiongeza kingine, unaongeza ileile. Figo za muzee hazitoe dawa mbiyo, basi inajazana mu mwili. Hapana kuongeza, hapana kupunguza, hapana kuacha ghafla. Uliza kwanza ule aliyeiandika."

Kanyere aliinamisha kichwa. "Nilisoma mubaya, Docteur."

"Ulisoma nusu. Ile ni kosa. Kuficha ilikuwa kosa kubwa kupita ile. Lakini ulisema kweli wakati ilikuwa ngumu kusema, na ndiyo maana Mukaka angali hai. Ungenyamaza siku tatu, tungemuzika, na batu bote bangesema bageni bake bamemubeba."