Ganda Linaloonyesha

Muziki wa gemu ulilia wakati betri yake ilikuwa bado mezani, kando ya kikombe cha chai.

Fundi bomba aliusikia vizuri, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akatazama betri, akatazama gemu, kisha akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza, kwamba huo ni umeme uliobaki kwenye waya. Akaendelea kukaza skrubu. Mtu akikaribia kumaliza kazi huwa hataki kusikia mambo.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mkononi, ya zamani, mtumba, ya kijivu na imekwaruzika kila upande, ya aina ile aliyoililia utotoni asiipate. Aliinunua ampe binti yake. Lakini binti alikuwa ameshaona kwa rafiki yake gemu kama hiyo iliyofanywa upya, kioo kinang'aa na ganda linaonyesha mpaka ndani, akasema yeye anataka inayoonyesha. Na kwa mtoto huyo wa pekee, aliyekuja baada ya miaka ya kungoja na kusemwa na watu, fundi bomba hakuwa na ubavu wa kukataa kitu.

Kwanza alikwenda kwa Bi Bisibisi. Huyo alikuwa na kibanda cha kufufua magemu ya zamani, mdomo mkali, bei kali zaidi, na bado watu walipanga foleni. Aliipokea gemu, akaigeuza, akainusa kama anayenusa maziwa ya jana.

"Kioo nitakubadilishia," alisema. "Betri, vitufe, spika, vyote. Ganda sibadilishi."

"Ganda ndilo lililonileta."

"Basi tafuta mwingine. Ganda hili libaki na mashine yake. Na bei yangu ni hiyohiyo."

Fundi bomba alitoka pale amenuna. Tena huyu ndiye aliyezoea kuwacheka wateja wanaojirekebishia mabomba, halafu wanampigia simu maji yakiwa magotini. Jambo lilipofika kwake aliona tofauti. "Nilipe hela zote zile kwa kazi nusu?" alimwambia mkewe. "Kwani mimi mikono sina?" Akaagiza vipuri, akatazama video miwani ikiwa puani, akaunguza kidole, akaunguza na kitambaa cha meza, na mwishowe akafaulu. Ganda la zamani alilitupa kwenye pipa, na gari la taka likapita likalichukua.

Kazi ilipendeza, tuseme ukweli. Kupitia plastiki ile safi uliona ubao wa kijani, waya zilizolala vizuri, na taa ndogo nyekundu ikiwaka katikati. Binti alimrukia baba yake shingoni, na baba akamwangalia mkewe kwa macho ya nilikwambia.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jikoni, chumbani, hata kwenye nguo zilizotoka kuanuliwa, ilinuka plastiki iliyoungua na vumbi lililolowa. Mke alifungua madirisha yote, haikutoka. Kisha ikaja sauti ya kitufe kinachobonyezwa ndani ya ukuta, tik, kimya, tik, taratibu, ya mtu anayejaribu kitu ambacho hajakizoea.

"Unasikia?" mke alinong'ona.

"Ni mabomba," mume alisema. Mabomba ya nyumba ile aliyafunga mwenyewe, na alijua kuwa upande ule hakuna hata moja.

Jioni moja binti alikuwa amesimama tu katikati ya sebule, amenyamaza, na baba yake akachukua gemu iliyokuwa kochini ili ajaribu mchezo. Mara mke, aliyekuwa akikunja nguo, akaziachia zikaanguka. Binti alikuwa akitembea, lakini si kwa mwendo wake. Alikwenda moja kwa moja, akasimama, akakata kona kama aliyepimiwa kwa rula, akaenda tena moja kwa moja mpaka ukutani, na alipofika ukutani hakusimama bali aliendelea kutembea, paji la uso limegusa rangi, miguu ikipanda na kushuka palepale, mikia miwili ya nywele zake ikitikisika mgongoni, na usoni hakuna kilio wala kicheko wala mtu.

"Mwanangu," mama yake alisema polepole. "Mwanangu, unafanya nini?"

Fundi bomba akainamisha macho. Kwenye kioo cha gemu kulikuwa na sebule, na kochi, na rundo la nguo sakafuni, na kidoli chenye mikia miwili ya nywele kikisukuma ukuta. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya mshale. Akakiinua, na miguu ya mtoto ikasimama.

Alizima gemu kwa hofu, na binti akaanguka chini kama nguo iliyotoka kwenye kamba, macho wazi, pumzi nyembamba kiasi kwamba mama yake aliweka shavu mdomoni mwake akaitafuta, akaitafuta, akaipata kidogo tu, na pale baba alipowasha tena ndipo mtoto aliposimama wima, akageuza shingo, akangoja kubonyezwa.

Tangu hapo baba hakuiweka gemu chini. Alimlisha kwa vitufe, kijiko kwa kijiko. Alimlaza kwa vitufe. Alikaa karibu na soketi, waya wa chaji umemfunga pale kama mbuzi, na taa za nyumba zilipopepesa kidogo alihisi moyo unamtoka. Walijaribu kumpeleka mtoto hospitali. Akambonyeza hadi mlangoni, na mlangoni mtoto akagota kwenye hewa tupu. Kwenye kioo cha gemu, nyumba yao haikuwa na mlango. Walijaribu kumbeba, akawa mzito wasiweze kumnyanyua hata kisigino.

"Nenda kamwite," fundi bomba alimwambia mkewe, na hakuhitaji kumtaja ni nani.

Bi Bisibisi alifika na mkoba wake wa vifaa. Alinusa hewa, akasonya.

"Ganda liko wapi?"

"Nililitupa."

"Fundi mwenzangu," alisema, na akakaa chini. "Mle ndani mlikuwa na jini. Wengine hukaa kwenye vitu vya zamani, gizani kwao, hawana shida na mtu. Wewe umembomolea, ukamjengea nyumba inayoonyesha mpaka utumbo. Nani anaweza kukaa hivyo? Akatafuta pengine pa kujisitiri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka. Nilidhani nikikukatalia utaiacha. Nilikosea."

Alitoa mkobani ganda jeusi kuukuu. Akaifungua gemu, na mtoto akaanguka tena, safari hii mama yake akamdaka. Akahamisha ubao, akafunga, akasoma aliyoyasoma kwa midomo bila sauti, akawasha. Muziki ukalia. Kidoli cha mikia miwili kilikuwa palepale, na ndani ya ukuta ile tik tik ikaenda mbio, ikakaribia kuwa kicheko.

"Hataki," Bi Bisibisi alinong'ona. "Ameshaonja mwili."

"Nitakulipa chochote. Nitauza vifaa vyangu."

"Hata ukinilipa siwezi. Huhama kwa kukaribishwa, na anayekaribisha ni mwenye nyumba. Hii ni ya kufanya mwenyewe."

Mkewe alimshika mkono. "Acha nimkaribishe mimi."

"Mimi ndiye niliyembomolea," alisema. Aliogopa sana, na hakuficha. Akapiga magoti, akagusanisha paji lake na la mwanawe, akanong'ona, "Karibu kwangu. Humu ni giza. Hakuna atakayekuona."

Harufu ya plastiki ilimpanda puani, ikashuka kooni, ikakaa.

Binti akapepesa macho. Akalia, akaomba maji. Mama yake alimkumbatia, na fundi bomba alitaka kuwakumbatia wote wawili. Mkono haukupanda. Alitaka kusema yuko salama. Ulimi ulilala tu. Aliona mkewe akimgeukia, na aliona alipoelewa.

Kwenye kioo cha gemu, mtu mwenye ovaroli kama ya fundi bomba alikuwa amepiga magoti ndani ya nyumba isiyo na mlango.

"Baba?" binti aliita. Alimtazama, akaitazama gemu, akaichukua.

"Usiguse hiyo," mama yake alisema.

"Mwache," Bi Bisibisi alisema kwa sauti ya chini. "Lazima mtu aishike."

Binti alitoa ncha ya ulimi nje, kama kawaida yake akikazana na jambo. Tik. Kichwa cha fundi bomba kikageuka. Tik. Mkono wake ukapanda, ukamtua mtoto juu ya nywele, mzito, ukabaki hapo. Binti akatabasamu huku machozi yakimtoka, akabonyeza tena ili ampapase. Huko ndani, fundi bomba alikuwa akimwita mwanawe, akimwita bila kupumzika, na katika mashine yote ile aliyoitengeneza kwa mikono yake hapakuwa na kitufe cha kusema.