Neno Lililokatwa kwa Wembe

Spika zilikuwa nne, moja kila pembe, lakini sauti ilitoka chini ya kiti cha Cheptoo.

"Bwana Amarjit, umeunganisha ya tano?"

"Ya tano nitoe wapi?" fundi redio akamjibu.

Ilikuwa mwaka 1974, Nakuru. Kila Jumamosi mchana, nyuma ya duka lake, Amarjit alimfundisha mwalimu Cheptoo kutunga muziki wa umeme: kukata tepu kwa wembe, kuunga vipande, kuvichanganya na milio ya mitambo, kisha kuipitisha sauti kutoka spika hadi spika mpaka isikike ikitembea. Kwa utunzi wake wa kwanza Cheptoo alileta pumzi za kogo, nyanya yake, alizozinasa kule Mau Narok siku mzee huyo alipokata roho. Neno moja alilikata, akalitupa.

Sasa neno hilo lilikuwa chini ya kiti.

"Maji."

"Zima," Amarjit alinong'ona.

"Nimezima."

Harufu ya maziwa ya kibuyu, ile ya nyumbani kwa kogo, ikajaa chumbani, na sauti ikaanza kuzunguka, ikapita nyuma ya shingo ya Cheptoo, ikapanda ukutani, ikashuka, ikarudi karibu zaidi, ikiomba kwa subira ileile ya mgonjwa asiyetaka kusumbua, mpaka akahisi midomo mikavu ikimgusa sikio.

Wakamwita Bi Zaituni, mganga wa mtaa wa Bondeni. Alifukiza ubani, akasikiliza.

"Huyu si nyanyako. Ni jini. Amekuta sauti imetupwa, akaivaa. Nani aliitupa?"

Cheptoo akaangua kilio. "Aliniomba maji. Kikombe kilikuwa hapo karibu. Sikuinuka, Bi Zaituni. Niliogopa kiti kitalia na mlio uingie kwenye tepu."

Bi Zaituni akanyoosha mkono apewe tepu. "Tepu nitaichoma. Lakini mamako umwambie kwa mdomo wako, la sivyo jini huyu atahamia kwingine tu."

Tepu ikachomwa, duka likatulia. Cheptoo hakwenda Mau Narok kwa mamake. Kila wiki alipata sababu.

Mwezi wa pili tangu tepu ichomwe, mama yake akaja mwenyewe, amekonda, macho mekundu.

"Cheptoo, marehemu mama ananiita pale nyumbani. Anataka maji. Kila nikimpelekea anakataa."

"Anasemaje?" Cheptoo akauliza, ingawa hakutaka kujua.

"Anasema, 'Si wewe niliyekuomba.'"