Mguu wa Klachi

"Unatokwa na damu mahali popote?"

Daktari aliuliza bila kuinua macho kwenye karatasi, kama mtu anayeuliza ni saa ngapi. Hakujua ameshika pabaya. Mwanamke aliyelala kitandani, mguu wa kushoto umevimba mpaka ngozi inang'aa, jibu alikuwa nalo. Tatizo ni kwamba pembeni ya kitanda alisimama mchumba wake, na nyuma ya jibu hilo kulikuwa na siri aliyomficha mwaka mzima.

Tumjue kwanza. Alikuwa mwalimu wa udereva, na watu walimwita Mwalimu Breki, kwa sababu gari lake la mafunzo lilikuwa na klachi na breki za ziada upande wake, na hakuona haya kuzikanyaga. Wanaume wazima walishuka kwenye lile gari jasho likiwatoka. Lakini walifaulu, na yeye alitembea kichwa juu kwa sababu hiyo. Huyo mchumba, seremala wa makochi, alikuja kutafuta leseni akaondoka na mwalimu pia.

Mguu ulipoanza kuuma, Mwalimu hakuhangaika kutafuta sababu. Alikuwa na mwanafunzi mpya, mzee mmoja muuza vyombo, aliyekuwa akiachia klachi kana kwamba amekanyaga kaa la moto, kwa hiyo Mwalimu akawa anaikanyaga yeye kutwa nzima. "Ni mguu wa klachi tu," alimwambia Seremala. Akaupaka dawa ya misuli, akajikaza kisabuni siku tano. Siku ya sita alishindwa kushuka garini, na Seremala akambeba mgongoni mpaka hospitali, Mwalimu akilalamika njia nzima kwamba watu wanaangalia.

Sasa kipimo kilikuwa kimeonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa paja. Daktari alitaka kumwanzishia sindano za kuzuia damu kuganda siku ileile. Ndiyo maana aliuliza lile swali, na aliposikia kimya akainua kichwa, akamtazama Mwalimu, akamtazama na Seremala. Alielewa haraka.

"Kaka anaweza kutupisha kidogo," alisema.

Mwalimu aliangalia dari. Angeweza kusema hapana, sitokwi na damu, na mambo yakaisha. Angeweza pia kusema ndiyo, atupishe, akaendelea kulala na siri yake. Lakini alikuwa amechoka, tena amechoka kwelikweli, uchovu wa miezi, wa kupanda ngazi huku akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu ili apate kupumua.

"Abaki," alisema. "Natokwa na damu chooni. Hii ni wiki ya sita. Nina ugonjwa wa utumbo mpana, wa vidonda, tangu nikiwa na miaka ishirini na mbili. Dawa ninazo. Ila tangu nivishwe pete nimekuwa nikiruka siku, nisionekane nameza vidonge."

Hakulia na hakushusha sauti. Aliyasema hayo kama anavyomsomea mwanafunzi makosa yake baada ya mtihani, moja baada ya jingine.

Daktari aliweka kalamu chini. Akawaeleza wote wawili kwamba mguu na utumbo si magonjwa mawili. Utumbo ukichafuka, damu inavuja kidogo kidogo mpaka inapungua mwilini, na mwili uliovimba ndani kwa ndani huifanya damu iliyobaki iwe rahisi kuganda. Seremala akauliza inawezekanaje mtu aishiwe damu na hapohapo damu imgande. Daktari akasema watu wengi hushangaa hivyohivyo, ila inatokea, na ndiyo maana sindano watampa wakimchunga, na utumbo nao utatibiwa kuanzia leo.

"Na jambo moja msilisahau," aliongeza. "Mguu huu usikandwe. Usisuguliwe na mtu yeyote, hata kwa nia njema. Bonge la damu likichomoka linakwenda kwenye mapafu, na linaua."

Alipotoka, Seremala alivuta kiti akakaa. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanihurumia."

"Mimi kukuhurumia ni kosa?"

"Kwangu ni kosa."

Seremala alimshika mkono, akaubana, akasema basi hatamhurumia, atamwogopa kama wanafunzi wengine. Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Moyo wake ukawa mwepesi. Alijiona ameshinda kitu kikubwa, na kweli alikuwa ameshinda.

Hapo simu ya Seremala ikaita. Alikuwa mama yake. Seremala alisogea dirishani, akampa Mwalimu mgongo.

"Hapana mama, si kitu kikubwa. Ameteguka mguu. Klachi tu, mama."

Mwalimu alisikia kila neno. Seremala aliporudi alijieleza: unawajua ndugu zangu, midomo yao haina likizo, nimekukinga tu. Siri aliyoitoa Mwalimu kwa taabu haikuwa imemaliza hata saa moja hewani, na mtu anayempenda alikuwa ameshairudisha kabatini.

*

Alilazwa siku nne, akaongezewa chupa mbili za damu, akafundishwa kujidunga sindano mwenyewe tumboni. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, mama yake Seremala alikuja kumjulia hali. Alikuja na mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na chupa ya mafuta na taulo mbili.

Sasa, mama huyu alikuwa mkandaji. Miaka thelathini ameishi kwa mikono yake. Migongo ya nusu ya mtaa aliinyoosha yeye, na mtu aliyeteguka alikuwa hapelekwi kwingine kabla hajapita kwake. Aliingia, akajibu shikamoo mbili, akauliza mguu ni upi, na kabla chai haijamiminwa alikuwa ameshakaa kwenye mkeka miguuni pa kochi.

"Wamekufunga bendeji tu hospitali, eti?" alisema huku akimimina mafuta kiganjani. "Kuteguka hakutaki bendeji. Kunataka mkono. Vumilia kidogo mwanangu, nikimaliza utatembea."

Mwalimu hakumwangalia mama. Alimwangalia Seremala, aliyesimama mlangoni pa jikoni na birika mkononi. Alimpa nafasi. Neno moja lingetosha. Mama alisugua viganja vikapata moto, akakunja gauni la Mwalimu mpaka gotini, akaanza kufungua bendeji. Seremala alifungua mdomo, akaufunga, akatazama sakafu.

"Mama," alisema mwishowe. "Polepole."

Mwalimu aliuvuta mguu wake kwa mikono miwili akaupandisha juu ya kochi. Uliuma mpaka machozi yakamlenga, ila sauti yake haikutetemeka.

"Mama, naomba uondoe mikono. Sikuteguka."

Akamweleza yote. Utumbo, choo, damu inayopungua, damu inayoganda, sindano. Alisema maneno yenyewe bila kuyazungusha, na mama alisikiliza mikono ikiwa juu, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Mwalimu alipofika kwenye onyo la daktari, mama akashusha mikono polepole kama aliyebeba kitu kinachovunjika.

"Daktari alisema usikandwe?"

"Alisema, mama."

"Mwanangu alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Mama aligeuka. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Ulijua, ukaniambia polepole."

Seremala aliweka birika chini. Alianza kueleza kwamba hakutaka Mwalimu asemwe, kwamba alikuwa anatafuta wakati mzuri. Mama hakumwachia amalize.

"Watu wananiletea watoto wao niwashike. Leo ningemuua mkwe wangu kwa mikono hii, mbele yako, kwa sababu unamwonea aibu."

Alichukua taulo akajifuta kidole kwa kidole. Kisha akamuuliza Mwalimu kama ataweza kuzaa, kwa sababu alikuwa mama na swali lilikuwa lazima litoke. Mwalimu akajibu kwamba daktari amesema inawezekana, ugonjwa ukitulizwa kwanza. Mama akaitikia kwa kichwa. Akasema kwamba basi yeye hana neno, na kwamba siku nyingine atakuja kukanda mabega tu, kama mabega yanaruhusiwa.

"Mabega yanaruhusiwa, mama," alisema Mwalimu.

Mama na mwanawe waliposimama kuondoka, Mwalimu alimwita Seremala.

"Pete ninayo na sijaivua. Ila siolewi na mtu anayenificha."

"Wewe mwenyewe ulinificha mwaka mzima," Seremala alisema, na macho yalikuwa mekundu.

Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Nilikuficha," alisema. "Nilikosea, na nusura nife kwa kosa hilo. Halafu nikalisema kwa kinywa changu, wewe ukisikia. Sasa ni zamu yako."

*

Siku tisa zikapita. Seremala hakupiga simu, naye Mwalimu hakupiga, ingawa mara mbili alifika mpaka kwenye jina lake akaliangalia tu. Alimkumbuka mno. Alikumbuka hata harufu ya gundi yake ya mbao, ambayo siku zote aliilalamikia. Lakini kila asubuhi alifinya ngozi ya tumbo, akajidunga, akameza vidonge vyake mezani, kweupe, na chupa akaiacha pale karibu na kikombe.

Siku ya kumi alirudi kazini. Gari alikuwa hajaruhusiwa, kwa hiyo alipewa darasa la alama za barabarani. Alisimama mbele ya watu kumi na wanne akawaambia kwamba akitoka ghafla wasishangae, ana ugonjwa wa utumbo, waendelee kusoma ukurasa unaofuata. Kijana mmoja wa nyuma akacheka. Mwalimu alimtazama kwa utulivu mpaka akaacha, halafu akamuuliza maana ya alama ya pembetatu iliyopinduliwa. Hakuijua. Somo likaendelea.

Mchana, akiwa peke yake darasani anafuta ubao, simu ililia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la ukoo wa kina Seremala, ambako walikuwa wamemwingiza tangu siku ya pete na hakuwahi kuandika zaidi ya salamu. Watu arobaini na saba walikuwemo.

"Ndugu zangu. Niliwaambia mchumba wangu ameteguka mguu. Nilidanganya. Ana ugonjwa wa utumbo unaomfanya atokwe na damu chooni, na huohuo ndio ulioigandisha damu mguuni. Haukuanza jana na hautaisha kesho, anatumia dawa. Niliwaficha kwa sababu niliona aibu, na kwa aibu yangu mama alikaribia kumdhuru bila kujua. Yeye hana cha kuonea aibu. Ni mwanamke jasiri kuliko mimi. Nataka kumuoa tarehe ileile kama bado ananitaka. Mwenye swali aniulize mimi."

Alisoma mara tatu. Mara ya tatu herufi zilikuwa zinacheza, ikabidi akae kwenye dawati la mwanafunzi. Kwenye kundi hakuna aliyejibu. Akampigia Seremala.

"Nimesoma," alisema.

"Eeh."

"Umekosea mahali pamoja."

Mashine ya kukatia mbao ilikuwa inanguruma nyuma ya Seremala, kisha ikazimwa.

"Wapi?"

"Mwishoni. Unawaambia wakuulize wewe. Wewe unajua nini? Waniulize mimi."

Seremala alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani.

"Kwa hiyo bado unanitaka?"

"Ningekuwa sikutaki, ningehangaika kukusahihisha?"

Simu ikatikisika mkononi mwa Mwalimu. Kundi lilikuwa limepata mtu wa kwanza kufungua mdomo. Alikuwa shangazi mkubwa, yule ambaye ukoo mzima ulimwogopa, na hakupoteza maneno: "Huo ugonjwa unaambukiza?"

"Usijibu," Mwalimu alimwambia Seremala. "Na usikate simu."

Akanyoosha mgongo pale kwenye dawati, akaandika kwa kidole kimoja, bila haraka, na akatuma:

"Shikamoo shangazi. Hauambukizi. Ni mimi mwenyewe naandika. Uliza lingine."