Plasta Iliyombana Baba

Baba yangu, Wubshet, ni fundi cherehani. Siku hizi anashona kwa mdomo: yeye anaamuru, mama anashona. Nyumba nzima imechoka, hata cherehani.

Alianguka sokoni, mkono wa kulia ukavunjika. Daktari Mesele akaufunga plasta. Jioni ile vidole vikavimba, vikawa baridi, vikafa ganzi. Baba akarudi hospitali.

"Plasta inanibana, daktari."

"Mwanamume mzima unalia? Nenda ukalale."

Akaenda, akalala. Plasta ilipokatwa, vidole vitatu havikunjiki tena.

Nilirudi likizo kutoka shule ya bweni nikiwa tayari kwa vita. Lakini Jumapili wazee waliingia kwetu, na nyuma yao daktari, ameinama, amebeba jiwe shingoni. Kwetu, mtu akija kuomba radhi na jiwe shingoni, humkatalii. Baba akamtua jiwe. Wakagusana mabega, salamu ya kupatana. Mama akakaanga kahawa. Mimi nilikabidhiwa jukumu zito la kulitoa jiwe nje. Lilikuwa dogo. Nimewahi kuweka kubwa kuliko hilo chini ya mto wa mwalimu wa zamu.

"Yamekwisha," baba akasema, akipokea kikombe kwa mkono wa kushoto.

Jirani yetu, muuguzi Sista Yeshimebet, alisubiri wageni waondoke.

"Yamekwisha kwa nani, Gashe Wubshet?" akauliza, akimwita kwa neno letu la heshima kwa mwanamume mkubwa.

"Nimemsamehe, dada. Unataka nimrudishie jiwe lake?"

"Msamehe mpaka uchoke. Lakini kesho atamfunga mwingine vivyo hivyo. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi, plasta inalegezwa hospitalini saa hiyo hiyo. Wewe ulirudi, ukasema. Yeye hakukupima. Huo ni uzembe. Baraza la afya la mkoa linapokea malalamiko ya wagonjwa na kuyachunguza. Ni haki yako."

"Wazee watasema nimewatemea mate."

"Hao wazee watakuja kukata vitambaa?" mama akauliza akiosha vikombe.

Baba akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Asubuhi akaenda barazani.

Ilichukua miezi. Njoo kesho, njoo Alhamisi, kaa pale. Mzee mmoja akaacha kutusalimia. Mwishowe daktari aliitwa, akakiri kosa. Baraza likaamua afunzwe upya, na afanye kazi chini ya macho ya daktari mwenzake. Hospitali nayo impe baba mazoezi ya mkono bila malipo. Kidole kimoja kimeanza kukunjika. Viwili vingali vimegoma.

Mwezi uliopita nilidondoka kutoka ukuta wa shule, kwa sababu zisizohusiana na masomo. Kifundo cha mkono kikavunjika. Aliyenifunga plasta ni Mesele. Alinibonyeza kucha moja moja, akitazama kama damu inarudi.

"Vidole vina ganzi?"

Nilitaka kumtania, niseme vimekufa. Nikautazama uso wake, nikaacha.

"Vizima, daktari."

"Vikibadilika, usiikate plasta mwenyewe. Rudi hapa. Ukinikuta nimelala, niamshe."