Jina Lililokatiwa Kaumwa

Zahoro, fundi cherehani, alirudi nyumbani mchana, akaizunguka nguzo ya baraza kabla ya kuingia. Mauza, mkewe, akadhani anatafuta kitu.

"Umepoteza nini?"

"Sijapoteza," alisema Zahoro, akaizunguka tena.

Kinywani mwake ilitoka harufu ya mzizi mbichi, mchungu. Hapo Mauza akajua. Hakulia wala hakushtuka. Mwili wake mzima ulikuwa na ganzi, kama mkono uliolaliwa.

Asubuhi ile Melkiori, msaidizi wa Bwana Afya, alikuwa amefika na panga, na kofia ya jua kubwa kuliko cheo chake. Kaumwa, ule mmea wa kutambaa wenye mizizi michungu ya dawa, ilijiviringa kwenye mti wa uwani kwao tangu enzi ya Mdachi, na nusu ya matumbo ya Kariakoo yalitulizwa kwa mizizi yake. Lakini Mwingereza, alipokwisha kumshinda Mdachi, alitangaza vita na mbu, na mbu, kwa ushahidi wa Melkiori, hulala majanini.

"Kata, bwana," Mauza alimwambia, "ila usitaje jina la mtu. Hii hukatwa kwa jina la mgonjwa, na jini lake huuchukua ugonjwa. Ukimtaja mzima, litamchukua yeye."

"Mama, Serikali haikati mali ya mtu asiye na jina. Huo utakuwa wizi." Melkiori akasimama wima, akapaza sauti: "Zahoro bin Fikirini!" Ndipo akashusha panga.

Kufika alasiri Zahoro alikuwa ameukumbatia ule mti wa uwani, mikono kwanza, kisha miguu, na Mauza alipojaribu kumbandua vidole alisikia ndani ya kifua cha mumewe mchakacho mdogo, kama wa majani yanayotambaa juu ya makuti pasipo upepo, ukipanda polepole kutoka tumboni kwenda kooni, na kila ulipopanda pumzi zake zilipungua, na macho yake, yasiyopepesa, yalilifuata jua lilikokwenda.

Bi Kuruthumu, mganga wa mtaa wa pili, alikuja na chetezo. Akamnusa Zahoro, akakizima.

"Hapa ni kupoteza ubani tu," alinong'ona. "Jini likifika kooni, utakaa eda. Litamtoka likipewa jina jingine, pale kwenye kisiki cha kaumwa."

"Nilipatie jina la Serikali?"

"Serikali haina shingo, mwanangu. Litashika nini?"

"Melkiori, basi."

"Huyo shingo anayo. Na watoto anao. Shauri yako."

Mauza akakiinamia kisiki, kilichokuwa bado kikitoka maji. Alijaribu kumchukia Melkiori; chuki haikuja. Hakuna kilichokuja. Akasema taratibu, kama anayejiandikisha bomani:

"Mauza binti Hamud."

Mchakacho ukanyamaza. Zahoro akateleza hadi chini, akakohoa, akauliza nani kamchafulia shati, na kama siku hizi nyumba hii haipiki. Bi Kuruthumu alikwisha kushika njia, bila kuaga, bila kudai chochote.

Mauza akamwinua mumewe, akamkumbatia.

"Basi, bibi wee, majirani wanatuona," Zahoro alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Niachie. Mauza, unanibana."

Mauza alitaka kumwachia. Akaitafuta mikono yake, wa kulia, wa kushoto, asijue inapoishia.