Loveness Agomea Supu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Loveness alichukua bakuli akaenda kwa Mama Salome kumnunulia baba yake supu. Supu hiyo ilijaa mafuta juu, ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Baba yake, Mabula, alikuwa muosha mchanga wa dhahabu kwenye machimbo ya Geita. Aliinywa yote, akalamba na kijiko.

Jumatatu moja Loveness hakugusa bakuli.

"Mayu, supu!" Baba aliita. Wasukuma humwita binti "mayu", yaani mama, kwa mapenzi. Asubuhi hiyo mapenzi hayakusaidia.

"Siendi, baba."

"Unasemaje?"

"Siendi. Na kesho siendi. Ukitaka kunichapa, kwanza unikamate. Jana kupanda kale kamlima tu umesimama mara tatu, umeshika shavu la mguu."

Chacha, aliyefanya kazi na Mabula, alikuwa anamsubiri mlangoni. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Baba Loveness, umepinduliwa! Hii nyumba ina serikali mpya."

Mabula alikuwa na kisukari mwaka wa tatu. Mwezi uliopita, Nesi Euphrasia wa zahanati alimwongezea vidonge vya kupunguza kolestro, na akamkataza supu ya mafuta. Mabula alimeza wiki moja tu, akavitupia juu ya kabati.

"Sukari yangu imeshuka," alifoka. "Na mimi mwembamba kama mpini wa jembe. Mafuta yatakaa wapi? Hayo ni magonjwa ya mabosi wenye vitambi."

"Basi twende ukamwambie nesi hivyo hivyo. Akikubali, nitakuletea supu asubuhi na jioni."

"Nenda, bwana," Chacha alichochea. "Au unamwogopa mtoto?"

Mbele ya mwenzake, Mabula angekataaje? Walienda wote watatu. Alipofika akayasema yote, kifua mbele, na Loveness akaongezea habari ya kamlima. Nesi hakubishana.

"Baba Loveness, kwenye ubao wa kuoshea mchanga mnatandika kapeti la nini?"

"Si la kunasia dhahabu! Mawe yanasombwa na maji. Chenga ndogo ndogo zinazama kwenye manyoya ya kapeti. Huzioni, kumbe zimejaa."

"Haya. Kolestro nayo inasafiri kwenye damu kwa vichembe. Kwa mwenye kisukari, mara nyingi vinakuwa vidogo na vingi, vinapenya kirahisi kwenye ukuta wa mshipa. Na sukari ikikaa juu muda mrefu inauharibu huo ukuta, unakuwa kama kapeti lenu. Vinanasa, vinarundikana, mshipa unaziba taratibu. Hata kwa mwembamba. Wa mguu ukiziba, unasimama mlimani. Wa moyo ukiziba, hufiki mlimani."

Mabula aliuliza: "Kapeti letu tunalikung'uta jioni. Hili la ndani analikung'uta nani?"

"Hakuna. Ndiyo maana tunapunguza vichembe kabla havijanasa."

Siku hiyo vidonge vilishuka kutoka juu ya kabati. Mabula alihamia kwenye ugali, mlenda na samaki, akinung'unika kila tonge. Akatembea kila jioni kama alivyoelekezwa. Baada ya miezi mitatu, walirudi kupima. Kolestro ilikuwa imeshuka, na kwenye kale kamlima sasa alisimama mara moja tu.

"Ila huyu mtoto alinigomea, nesi," alisema. "Hana adabu."

"Mwenye adabu hamtukani mzazi wake, na yeye hakukutukana," nesi alijibu. "Kumletea mzazi kinachomdhuru kwa sababu tu ameagiza, huo ni woga. Na wewe usiache dawa kwa kuwa unajisikia mzima. Mishipa inaziba kimya kimya, kipimo ndicho kinasema. Haya, nani mwingine anapima leo?"

Chacha, aliyesema amekuja kusindikiza tu, alianza kunyata kuelekea mlangoni. Loveness alikuwa ameshasimama hapo, mikono kiunoni.

"Pita basi, baba mdogo," alisema. "Au unamwogopa mtoto?"